Hana Ndugu wa Kumsaidia

"Hana ndugu wa kumsaidia," mkaguzi alisoma kwa sauti, kidole chake kikifuata mstari. Akainua macho, akamtazama dada yangu, kisha akanitazama mimi niliyeketi kwenye kochi lile lile. "Ndivyo ilivyo, dada?"

Sentensi ile ilikuwa yangu. Niliiandika mimi, nikaipunguza neno, nikalirudisha, nikaisoma peke yangu ofisini na kuridhika nayo kama fundi anayepapasa meza aliyomaliza kuipiga randa.

Siku hizo nilikuwa mwandishi wa maombi ya ruzuku katika chama kidogo kilichosaidia watu wanaouguza jamaa zao nyumbani. Chama chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na mwenyekiti wetu alikuwa muuguzi mstaafu aliyepanda ngazi zile akiyalaumu magoti yake kwa sauti. Tulichoomba kilikuwa kidogo ukikisema: mtu aliyefunzwa aende kwa kila familia siku moja kwa wiki, akae na mgonjwa, ili anayemuuguza apate kutoka. Familia arobaini zilikuwa kwenye orodha. Tuliomba mara mbili, tukanyimwa mara mbili. Barua ya pili ilisema maombi yetu yamejaa takwimu, lakini hayana mtu ndani yake.

"Basi watafutie mtu," muuguzi mstaafu aliniambia. "Mmoja tu. Mwandike mpaka wamsikie akihema."

Sikuhitaji kwenda mbali. Miaka sita nyuma mama alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, na dada yangu akafunga kibanda chake cha kushonea, akahamia chumbani kwa mama. Mimi nilikaa mwendo wa basi moja kutoka pale. Nilikwenda nikipata nafasi, na nafasi nilijua namna ya kuikosa. Nilipeleka matunda, nikakaa nusu saa na funguo mkononi, nikauliza, "Mama anaendeleaje?" kana kwamba namuulizia mgonjwa wa jirani.

Nilimwandika dada vizuri. Niliandika anavyomgeuza mama kila baada ya saa mbili asije akafanya vidonda, anavyouinua mwili mzito kuliko wake kwa kupitisha shuka chini ya kiuno, anavyokula kasimama. Nusu ya hayo sikuwahi kuyaona. Nilimpigia simu nikamuuliza, naye akanieleza kwa furaha, tukazungumza karibu saa nzima. Alidhani hatimaye nimetaka kujua.

Kisha fomu ikauliza ni nani mwingine katika familia humsaidia mlezi. Nilikaa mbele ya swali lile mpaka chai ikapoa. Kuandika kwamba ana mdogo wake asiyekuja kungetuharibia. Kuandika kwamba mdogo wake humsaidia kungekuwa uongo. Nikachagua uongo mwingine, uliosomeka vizuri zaidi.

Sikujua kwamba mfuko tuliouomba ruzuku ungemtuma mtu kuja kuona, na kwamba mimi ndiye ningemwongoza.

Sasa mkaguzi alikuwa akisubiri jibu. Dada alikausha mikono kwenye gauni lake. Hakuniangalia.

"Ndivyo," alisema. "Sina."

"Na huyu kaka?"

"Huyu ni wa ofisini. Ndiye aliyeniandika."

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi. Bila shaka aliitambua sauti yangu tangu nilipobisha hodi, na sasa maneno yakamtoka kwa taabu, kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. "Kitinda? Kitinda wangu, umekula?"

Mimi ndiye mtoto wake wa mwisho. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniita hivyo. Mwili wangu ulitaka kuinuka. Nikakohoa, nikafungua faili, nikajifanya natafuta karatasi.

"Huita kila mtu hivyo," dada alimwambia mkaguzi kwa upole. "Kichwa kimechoka."

Akaingia chumbani. Nilimsikia akisema, "Amekula, mama. Tulia." Na mama akatulia. Kichwa chake hakikuwa kimechoka hata kidogo.

Mkaguzi alipoondoka, nilimfuata dada uani alikokuwa akianua shuka.

"Ungemwambia ukweli tu," nilisema.

"Halafu wale arobaini?" Alinipa ncha mbili za shuka, tukalikunja tukiwa tumetazamana. "Mkaguzi alipokuwa anasoma pale, nilisema moyoni, kumbe hata mdogo wangu anajua kwamba sina ndugu."

Ruzuku ilikuja. Muuguzi mstaafu alicheza katikati ya meza zetu, magoti na yote. Nilipompelekea dada fomu aweke sahihi, ili naye apangiwe siku yake, aliisukuma pembeni.

"Hiyo ni ya wasio na ndugu. Mimi wangu anakuja Jumamosi, saa tatu asubuhi."

Wiki hiyo nilimwandikia mkaguzi nikakiri. Nilimwonyesha muuguzi mstaafu barua kwanza; alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Ipeleke." Jibu lilikuwa fupi. Mkaguzi alisema haja ya familia zile ilikuwa ya kweli, ruzuku itabaki. Nirekebishe ukurasa wa tano, niutume upya. Chini akaongeza kwa mkono: *Nilijua siku ile ile. Masikio yenu ni yale yale.*

Nilidhani ningepumua. Badala yake nilibaki nikijua kwamba watu wazima watatu, mama mwenyewe akiwamo, walinishuhudia nikimkana mama yangu, na kila mmoja, kwa sababu yake, aliniacha nimalize.

Jumamosi dada alikuwa ameshamwogesha mama nilipofika. Alinionyesha pa kushika na pasipo pa kushika, mto wa katikati ya magoti, kijiko kidogo badala ya kikubwa. Akavaa viatu ambavyo sikuwahi kumwona navyo, akatoka. Mama aliniambia mikono yangu ni ya baridi. Nilimmwagia supu shingoni mara mbili. Mara ya pili alicheka, cheko la nusu uso, nikageukia dirishani mpaka nilipoweza kumtazama tena.

Saa tano mlango ukafunguliwa.

"Mbona mapema?"

"Nilikaa kituoni," dada alisema. "Mabasi yakapita."

"Hukupanda?"

"Kondakta aliniuliza naenda wapi. Nikakosa jibu." Aliketi kwenye ukingo wa kochi, mkoba mapajani, kama mgeni. "Ulisema mpaka saa ngapi uko hapa?"

"Mpaka jioni."

"Basi bado nina muda," akasema, lakini hakuinuka.