Kijani Nyuma ya Reli

Kundi la WhatsApp la wapenda ndege wa Kapata, huko Kolwezi, lina sheria moja, na aliyeitunga ni Tata Mathieu, mwalimu mstaafu anayependa utaratibu kuliko anavyopenda ndege wenyewe: picha, mahali, saa. Basi. Porojo mkapige kanisani, la sivyo anazifuta.

Mama Tshibola, muuza mikate, alitii. Laiti angeasi siku ile! Ndege wake walanyuki, wanaochimba viota vyao udongoni, walikuwa wamerudi kwenye ukingo wa udongo nyuma ya reli. Mwaka jana hakuja hata mmoja, na mama wa watu alisononeka mpaka Krismasi. Sasa kulikuwa na mashimo saba yenye makinda, na ndani ya moja mgongo wa kijani uking'aa. Simu yake ni ya zamani, na kwa furaha alipiga haraka haraka. Picha ikatoka na udongo, mashimo, na doa la kijani lisilo na kichwa wala mkia. Akaandika: "Kapata, nyuma ya reli, saa kumi na mbili."

Sasa jamani, mtu wa Kolwezi akiona kijani ndani ya udongo, anawaza ndege? Thubutu! Anawaza malakiti, jiwe la shaba. Nani aliyewapelekea wachimbaji picha ile, mpaka leo hakuna anayekubali. Kesho yake asubuhi vijana tisa walikuwa pale na sururu begani.

Mama Tshibola aliwafikia akihema, beseni la mikate kichwani.

"Mungoje! Hapa hakuna malakiti. Kuko ndege na batoto yabo!"

"Ndege mu udongo, mama?" akacheka Ezéchiel, mkubwa wao, mteja wake wa kila asubuhi. "Miti ilikwisha?"

Wenzake wakaangua kicheko. Ezéchiel akainua sururu. Mama Tshibola alitaka kulia, kwa maana pigo moja tu lingetosha kuwafukia makinda wote. Ndipo akakumbuka kitu alichokiona kila siku akiuza mikate machimboni.

"Ezéchiel! Mbele ya kupiga, munaita kwanza mu shimo. Ao leo hapana? Ita!"

Sururu ikashuka. Jambo hilo mchimbaji halifanyii mzaha: asiyeita huweza kuwafukia watu walio chini. Mwaka juzi Ezéchiel mwenyewe alikuwa chini, na mwito kama huo ndio uliomwokoa. Akapiga magoti, akaziba shimo kwa uso wake.

"Kuko bantu?"

Kisha makinda, wakidhani giza lile ni mama yao kaleta chakula, wakamjibu wote kwa pamoja, kelele tupu! Ezéchiel akaruka nyuma, akaanguka matako chini. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu.

Yeye hakucheka. Akaita shimo la pili, akajibiwa. La tatu, akajibiwa. Alipomaliza yote saba alivua kitambaa chekundu shingoni, akakifunga kwenye kijiti na kukisimika juu ya ukingo, kama wanavyofanya machimboni kukiwa na watu chini. Kisha wote tisa wakanunua mikate, wakakaa kuwatazama ndege.

Jioni Ezéchiel aliomba kuingizwa kwenye kundi. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya kitambaa kile: "Kapata, nyuma ya reli, saa moja asubuhi. Bantu beko chini. Mutu asipige."

Tata Mathieu aliyasoma maneno yale ya ziada mara mbili, akayaacha.