Badudu Benye Kuogopa Mwezi

Ile mwaka voile yangu ya komunyo, kile kitambaa cheupe ya kichwa, ilikuwa mu maji ya Mumosho.

Yaya Bibiane, ndugu yangu mukubwa, njo aliishona. Ku institut balikuwa banamuita citoyenne Nabintu, juu majina ya batizo ilikatazwa, lakini kwetu Ibanda alibakia Bibiane tu. Alikata ile voile, akaizungusha ku waya, ikakuwa nyavu ya badudu. Mémoire yake ya kumaliza masomo ilikuwa juu ya badudu badogo ba mito ya mulima, vile banaachaka majiwe na kutelemuka na maji. Professeur alimwambia: "Uniletee benye maji inabeba. Benye unaokota chini ya majiwe, hapana." Yaya akibapata, professeur atamupeleka Kisangani ku université akuwe assistante. Akibakosa, atarudilia mwaka.

Nilikuwa namuombea abapate. Na nilikuwa naogopa Kisangani. Tangu nizaliwe tulilala kitanda moja, ananipa mugongo yake wakati ya baridi.

Tukafikia kule Mumosho kwa maman Godelive, marraine yake wa batizo, mwenye shamba yake inagusa kamuto kenye kanashuka ku Ruzizi.

"Banabinti ba Ibanda," akatucheka, "kwenu nyama iliisha, mupaka mukuye kuvua badudu?"

"Ni masomo, marraine."

"Na hii chupa ya pombe ya kanyanga?"

"Ni ya kutiamo badudu, basioze."

"Yesu! Badudu banakunywa, na miye padri ananikataza!"

Mchana nyavu ilitoka bure. Yaya alisomaka kama badudu banasafiri usiku, lakini maman Godelive akakatala kabisa: batoto banamuke habatelemuki ku maji mu giza. Mwezi ikiangaza, sawa. Basi tukangojea mwezi ikuwe muzima.

Ile usiku maji iliangaza mupaka niliona kucha za miguu yangu. Nyavu ikatoka na majani tu. Lakini yaya akigeuza jiwe, badudu bako, na mikia yao mitatu, bamejinata. Akabaangalia sana. Kisha akanyoosha mukono, akasema pole pole, "Niokote tu hawa? Nani atabauliza walitoka wapi?"

Nilikuwa nashika nyavu. Wingu ikafunika mwezi, na nikasikia vitu vidogo vinanigonga ku vidole, kimoja, kingine, vingi. Wingu ikapita. Vikaacha.

"Yaya, banaogopa mwezi," nikasema. "Samaki inabaona."

Akaachilia lile jiwe. "Rudilia yenye umesema."

Nikarudilia.

Siku zenye kufuata mwezi ilianza kuchelewa kutoka, na kati ya jua kuzama na mwezi kupanda kukakuwa giza nene. Njo wakati tulihitaji. Yaya akaomba, maman Godelive akakatala. Akaomba tena, akakatala na kidole. Mbele ya bakubwa miye naangaliaka tu vidole vya miguu, lakini nikasikia sauti yangu inatoka:

"Maman, weye ungeenda kuiba ndizi ya jirani wakati mwezi inaangaza?"

Yaya akanifinya.

Maman Godelive akacheka mupaka pagne ikalegea. "Huyu mwenye hasemaka! Kumbe anajua kazi ya bezi! Haya, simameni. Tunaenda bote."

Akabeba mupanga yake, akazima lampe, akaenda mbele.

Mu giza kamuto kalikuwa na sauti kubwa kuliko mchana. Maji ilikata miguu kama kisu. Nikashika waya upande moja, yaya upande ingine, na badudu wakakuja. Wakakuja kama bantu wanatoka misa. Nilibasikia ku mikono, ku voile, voile ikakuwa nzito. Maman Godelive akatia mukono ndani, akapiga kelele: "Bako hai!" Yaya akaanza kucheka na kulia pamoja, akaniita majina yote ya mapendo yenye anajua.

Sasa kitanda yetu iko kubwa sana. Ninalalaka katikati, na asubuhi ninajikuta ku upande wa ukuta, ku nafasi yangu ya zamani.

Lakini ile usiku alikuwa karibu, bega yake ilikuwa ku bega yangu.

"Inatosha," akasema. "Tutoe nyavu, mwezi inakaribia."

Nilijua tukiitoa, imeisha.

"Bado kidogo, yaya," nikamuambia. "Bado kidogo."

Na akaniachia.