Alama za Darasa la Sita

Mwalimu Venanti alifundisha Kiingereza darasa la sita, katika shule ya msingi moja huko Busunzu. Mwaka ule wa tisini na nne, aliposikia kwamba mkaguzi anakuja kupima maendeleo ya wanafunzi, aliingiwa na hofu. Watoto walizungumza Kiha nyumbani na Kiswahili shuleni. Kiingereza walikisikia kwake tu, naye mwenyewe alikuwa akikipapasa.

Basi akawakaririsha maswali kumi na majibu yake, kwa mpangilio uleule, wiki mbili mfululizo, mpaka wakayatiririsha kama rozari. Kisha akajaza fomu ya maendeleo: kila mtoto, alama themanini na zaidi.

Mkaguzi, Bi Mwanaamina, aliisoma fomu akatabasamu. Akaanza kuuliza, ila hakufuata mpangilio.

Alimwuliza Salumu anaishi wapi. Salumu akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba ana miaka kumi na mitatu. Ndayiragije akaulizwa kazi ya baba yake. Akasema leo ni Jumatano. Waliokaa nyuma walicheka, kisha wakauona uso wa mwalimu wao, wakanyamaza.

Irakoze, msichana aliyevuka mpaka na mama yake kutoka Burundi mwaka uliotangulia, akanyoosha kidole.

"Mama mkaguzi," alisema kwa Kiswahili chake cha juzijuzi, "mwalimu anafundisha vizuri. Ni sisi tuna vichwa vigumu. Usimwandike vibaya."

Afadhali angetukanwa. Venanti akasogea mbele ya mkaguzi.

"Si kweli," alisema. "Watoto hawana kosa. Niliwakaririsha, na hizo alama nimezitunga."

Bi Mwanaamina akavua miwani. "Na wewe mwalimu, hicho Kiingereza unakijua?"

Watoto arobaini walikuwa wakimtazama.

"Kidogo sana, mama."

Mkaguzi hakugomba. Alimpa fomu tupu, akamwambia apime upya na aandike anachokiona.

Ilimchukua siku tatu, mtoto mmoja mmoja. Wengi walipata mbili au tatu kati ya kumi. Irakoze alipata nne.

"Nne ni mbaya, mwalimu?"

"Si mbaya," alijibu, macho yake kwenye karatasi.

Likizo ya Desemba alikwenda Kasulu kwenye mafunzo ya Kiingereza, akaketi na walimu wenye umri wa wanawe. Siku ya kwanza walipewa jaribio. Alipata nne.