Treni Mbili za Mzee Nathanaeli

Laurenti alikuwa na siri moja kubwa, na aliitunza kwa kufuli. Ilikaa nyumbani kwake Itigi, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye kitenge cha mkewe Asnath: kichwa cha treni cha kuchezea, cha bati la kijani, chenye tundu ubavuni la kutia ufunguo wa kukaza springi ili kitembee. Kwa alivyojua yeye, ndicho baba yake, Mzee Nathanaeli, alichopewa na mhandisi wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao, zamani hizo mzee akifanya kazi stesheni ya Manyoni.

Vilikuwa vichwa viwili. Cha pili alikitengeneza Laurenti mwenyewe, alipokuwa fundi kijana wa karakana ya reli, ili amfurahishe baba yake. Mzee naye, siku zake zilipokaribia kwisha, alisema mbele ya ndugu wote kwamba kile cha Mzungu apewe Obadia, mdogo, kwa kuwa Laurenti ana mikono na anaweza kujitengenezea kingine akitaka.

Hayo ndiyo malipo ya kuwa na mikono. Laurenti aliumia, na hakuwahi kumwambia mtu.

Siku ya kuanua matanga, yeye kama mkubwa ndiye aliyegawa urithi. Aliingia chumbani kwa marehemu peke yake, akafungua magazeti yaliyofungiwa vile vichwa, akavitazama. Kimoja kilikuwa kimenyooka, rangi laini, magurudumu yanang'aa. Kingine mstari wake mwekundu ulikwenda upande, kona zimechubuka, magurudumu yana nyufa. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita tangu atengeneze cha kwake, lakini hakuhangaika kukumbuka. Mzungu gani angekuja na kitu kimepinda namna ile? Akakitia kizuri kwenye begi lake, akatoka na kibovu, akamkabidhi mdogo wake kwa mikono miwili. Kati ya funguo mbili zilizokuwamo, ule wa Mzungu ndio kitu pekee alichokitambua bila kubahatisha, kwa kuwa ulilika upande mmoja kwa kidole gumba cha baba yake. Nao akauchukua.

Tangu hapo ikapita miaka ishirini mingine. Wajukuu walikatazwa hata kulisogelea lile sanduku. Tumbo la kile kichwa halikufunguliwa kamwe, maana Laurenti alijua kwamba vikunjo vya bati vinavyolifunga vikiinuliwa mara moja, thamani imekwenda.

Kisha habari zikafika kwamba mtaalamu wa vitu vya kale yuko Manyoni, nyumbani kwa Obadia. Kile kichwa cha Mzungu kingewekwa kwenye maonyesho ya reli Dodoma, na mwenye nacho angeketi mbele siku ya ufunguzi. Laurenti hakulala vizuri wiki nzima. Obadia akae mbele na lile bati lililopinda!

"Twende," alimwambia Asnath. "Nitasema vilichanganyika siku ya msiba. Atakayekileta cha kweli ndiye atakayekaa mbele."

Asnath, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiambiwa cha kweli kiko kwao, alifunga khanga yake, akatangulia mlangoni.

"Shikamoo kaka. Shikamoo shemeji," Obadia aliwapokea kwa furaha, akawasogezea viti. Mtaalamu, binti mmoja aliyeitwa Jenipher, naye aliwaamkia.

"Marahaba, mwanangu," Laurenti alijibu, akafungua kitenge. "Nimekuja kusafisha jina. Siku ile ya kugawa nilikuwa na majonzi, huenda nilivichanganya. Basi wewe uliyesomea utuamulie."

Jenipher aliviweka sambamba mezani, akashika lenzi, akaanza na cha Obadia.

"Hiki rangi yake imechapwa bati likiwa bado bapa, ndipo likakunjwa. Ndiyo maana imepasuka kwenye kona, na mstari umeteleza kidogo. Viwandani walichapa mengi kwa haraka, hawakujali sana."

"Na hizo nyufa za magurudumu?" Laurenti aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hizo ndizo cheti chake, baba. Madini waliyotumia hupasuka yakizeeka. Magurudumu ya hiki chako ni ya shaba, yamekerezwa kwa mashine. Na rangi imepakwa baada ya kukunja, kwa brashi, na mtu asiye na haraka. Ni kazi nzuri kuliko ya kiwandani. Naruhusiwa kukifungua?"

Akainua vikunjo, akamulika tumboni kwa simu. "Kuna namba imegongwa. Arobaini na saba."

"Si namba yako ya karakana hiyo, kaka?" Obadia aliuliza.

Ilikuwa yenyewe. Karakanani hakuna kilichotoka mezani kwa fundi bila namba yake, na mkono wa Laurenti ulikuwa umeigonga bila kumuuliza mwenyewe.

"Basi hakuna kilichochanganyika," Obadia alisema, na macho yake yakalengwa na machozi. "Wapo walionitia maneno kwamba umenidhulumu, na kuna siku niliwaamini. Nisamehe, kaka. Ulinipa kile kile alichosema baba."

Laurenti aliona haya mbele ya ndugu ambaye yeye mwenyewe alikusudia kumwibia. Alitamani kusema kwamba amewashinda Wazungu kwa mikono yake, hata yeye mwenyewe asitambue. Lakini angelisemaje hilo bila kusema na lile lingine?

"Kasoro ni moja tu," Jenipher aliendelea. "Ufunguo wa hiki cha kweli ni nakala. Wa asili ni huu uliokuja na cha baba mkubwa hapa."

"Funguo zilibadilishana tu," Obadia alimtetea haraka.

Laurenti aliushika, akaweka gumba lake pale palipolika. Ndicho kitu pekee cha baba yake alichokuwa nacho kweli. Akamkabidhi Obadia.

"Dodoma tutakaa wote mbele," Obadia alisema. "Uwaeleze watu namna ya kugawa urithi kwa haki."

Walirudi Itigi na kichwa chao. Asnath alikitoa kwenye kitenge, akakigeuza geuza mikononi.

"Miaka ishirini umewazuia wajukuu wasiguse kazi ya babu yao."

"Lakini ni kazi nzuri," Laurenti alisema. "Si ndiyo?"

"Nzuri sana," Asnath alijibu. "Mpaka aliyeitengeneza akaiiba."

Akakiweka juu ya meza, mahali watoto wangekifikia, akaenda kukoka moto.