Wodi Tulivu ya Iteka

Iteka alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata yeye, muuguzi mzima, hakuwahi kuutafutia dawa: kuota akiwa macho. Asubuhi, mtaa wake wa Batsinda ukiwa bado umezama kwenye ukungu, aliketi dirishani na kompyuta mapajani, chai ikapoa, na mbele yake ikajengeka hospitali ambayo wewe hujaiona wala mimi sijaiona. Korido ndefu nyeupe zenye harufu ya sabuni. Mapazia yanapumua polepole. Wauguzi tele, wakipishana wanasalimiana, salamu haziishi. Basi akawa anaandika.

Alianza kidogo kidogo. Maoni yake ya kwanza gazetini yalihusu foleni za kliniki, ya pili mwandiko wa madaktari. Wenzake wa kituo cha afya wakamtania, wakamwita Mheshimiwa, naye akacheka huku kichwa kikimvimba, tusifichane. Maana alikuwa na shabaha. Alitaka kuacha kuchoma sindano aingie kule zinakotungwa sera za afya, na huko hakuwa na mjomba wa kumshika mkono. Alikuwa na kalamu tu. Mhariri wake, Bayingana, alimwambia maoni ya kubembeleza hayamfikishi mtu popote. Achague upande, aukazie.

Akauchagua. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Hulazwa na mrwaza wake, ndugu anayemwosha na kumlisha, anayetandika mkeka chini ya kitanda na kulala hapo mpaka mgonjwa aruhusiwe. Iteka aliandika kwamba warwaza wanajaza wodi, wanaleta kelele na vijidudu, warudi nyumbani, kazi yao ifanywe na wauguzi. Wauguzi gani? Wale wa ndotoni! Hospitali aliyowahi kufanyia kazi ilikuwa na wawili kwa wodi nzima, na hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Lakini asubuhi ile, ukungu ule, sentensi zinakuja tamu zenyewe, akaliacha nje ya makala.

Ebo, makala ikashika moto. Ikasomwa redioni, ikabishaniwa mikutanoni baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwezi. Hospitali moja ikaamua kujaribu: ndugu aingie mchana kwa muda mfupi, kengele ikilia atoke, mikeka basi. Na ofisi moja inayotunga miongozo ya afya ikamwita Iteka kwenye usaili, kwa nafasi ile ile aliyoililia miaka yote. Siku hizo alitembea haoni mashimo ya njia. Alijiona ameketi kwenye meza pana, nje ya kioo kilima kikielea, watu wakimuuliza yeye anaonaje.

Usaili ukiwa umekaribia, Tantine Pudentienne akaanguka jikoni kwake Gahanga. Huyu ni mama mdogo aliyemlea Iteka tangu walipokuwa Bujumbura. Kiharusi, upande wa kulia wote. Gari la wagonjwa likampeleka hospitali ile ile ya jaribio.

Iteka alifika getini asubuhi na chupa ya uji na kitenge cha kubadilisha. Mlinzi akamwambia kwa upole arudi mchana. Akasema yeye ni mrwaza. Mlinzi akamweleza kwamba siku hizi hakuna cha mrwaza, utaratibu umebadilika, tena aliyeushauri ni muuguzi, mtu anayejua mambo, aliandika gazetini. Aibu ikampanda Iteka mpaka masikioni. Angeweza kutoa kitambulisho chake cha kazi, akapenyezwa, lakini mkono uligoma. Akakaa ukingoni mwa barabara pamoja na wanawake wengine wenye chupa zao, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuota chochote.

Alipoingia mchana alimkuta Tantine midomo imekauka na shuka limelowa. Muuguzi wa zamu alikuwa akikimbia huku na huku, jasho linamtiririka, wala hakuwa na kosa. Wodi ilikuwa tulivu kweli, tulivu mno. Wagonjwa walilala wakitazama dari kama mizigo iliyosahauliwa stendi ya Nyabugogo. Iteka akamwosha mama yake mdogo huku analia bila kujificha. Tantine, ulimi mzito, hakuuliza kuhusu uji. Aliuliza kama usaili ni kesho, maana alishawatangazia majirani wote, kisha akamwagiza avae gauni la bluu.

Kesho yake akalivaa, akaenda. Mwenyekiti wa usaili, Daktari Mukandayisenga, mwanamke wa sauti ya taratibu, aliisifu makala yake mpaka wajumbe wote wakawa wanatabasamu. Akasema kazi ya kwanza itakuwa kuandika mwongozo wa kuupeleka utaratibu ule katika hospitali nyingine. Meza ilikuwa pana. Kilima kilielea nje ya kioo, laini, karibu, na Iteka akahisi mwili umekuwa mwepesi. Ilibaki kusema ndiyo. Jamani, neno dogo hilo!

"Wodi niliyoiandika haipo," akasema. "Niliiota. Nilijua wauguzi hawatoshi, nikanyamaza ili makala isiharibike."

Aliwaomba jaribio lisimamishwe siku hiyo hiyo. Daktari hakukasirika. Alimweleza kwamba jaribio limepangiwa muda wake na litatathminiwa muda ukiisha, na kwamba wao wanatafuta mtu wa kuutetea mwongozo mbele ya watu, si wa kuukana. Akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Mchana, wodini, Tantine alimtazama usoni mara moja tu, akaelewa.

"Wamekunyima?"

"Niliwaambia ukweli, Tantine."

Ilimuuma Tantine, na hakujaribu kuficha. "Haya," akasema, "nigeuze."

Iteka akamgeuza, akamkanda mgongo, akaanza kumnywesha uji kijiko kwa kijiko, maana alikuwa anameza kwa shida. Bakuli lilikuwa bado nusu kengele ilipolia. Ndugu wengine wakaanza kuinuka. Yeye akajifanya hakusikia, akachota kijiko kingine. Muuguzi akaja, akamgusa bega, akamwomba radhi: ndiyo utaratibu, dada.

Iteka akalisogeza bakuli upande wa kushoto, penye mkono unaofanya kazi, akaweka kijiko ndani, akatoka na wenzake.