Mpira wa Mafuta wa Siraji

Jumanne asubuhi Nasur alitandika gunia chini ya paa la gereji yake, mtaa wa Mvara mjini Arua, akapanga juu yake spana ya nane na ya kumi, kisu, kitambaa safi na kisanduku kidogo cha karatasi. Kisha akavua kiti cha pikipiki, akafungua boliti za tangi, akaliinamisha tangi taratibu kama anayemgeuza mgonjwa kitandani. Ilikuwa pikipiki kubwa, ya zile zinazotengenezwa kwa safari za mbali na njia mbaya. Kwa miaka minne Shirika lenye pikipiki hiyo lilikuwa limeitumia kupeleka damu hospitali ya Koboko.

Katika kisanduku mlikuwa na viungio viwili vya chuma na mpira mpya wa mafuta, ule unaopitisha petroli kwenda kwenye injini, mweusi, mnene, uliosukwa nyuzi ndani. Viungio vya zamani vilikuwa vya plastiki. Plastiki hiyo hupikwa kutwa na joto la injini, hulowekwa na petroli, na mwisho hupasuka kama ukucha. Siraji, aliyekuwa akiiendesha pikipiki hiyo, aliliandikia Shirika barua tatu kuomba viungio vya chuma. Vilifika wiki tano baada ya mazishi yake. Karatasi ya kiwanda iliyokuja navyo ilisema kwamba badiliko hilo halikutokana na hitilafu yoyote, ni uboreshaji wa kawaida tu.

Nasur alikata klipu, akauchomoa mpira wa zamani pamoja na kiungio chake kilichopasuka, akauweka mezani. Urefu wake haukufika mkono mmoja. Haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Uliendelea kuvuja.

Alikwenda kunywa chai. Aliporudi, meza ilikuwa imelowa na petroli ilikuwa ikishuka mguu wa meza. Akaunusa mpira, akautundika kwenye msumari, akaweka jerikeni chini yake. Kisha akamgeukia Ritah, mama wa chai aliyepika jirani na gereji.

"Ritah, sogeza jiko yako."

"Mimi nilikaa hapa wewe ukiwa bado unanyonya. Iko nini tena?"

"Mpira ya Siraji inavuja."

"Bado?"

"Bado."

Ritah akasogeza jiko.

Siku ya ajali mpira huohuo ulivuja juu ya tairi la nyuma, kwenye kona moja upande wa Maracha. Tairi lililolowa petroli halishiki lami. Siraji alikufa hapo hapo, na mifuko ya damu ikapasuka barabarani, damu ya watu sita wasiojuana. Huko Koboko, Agnes Keji, aliyejifungua asubuhi hiyo na kuambiwa damu iko njiani, alikufa kabla ya jua kuzama. Ripoti ya Shirika ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema mfumo wa mafuta ulikuwa mzima, na dereva alikwenda kwa kasi. Ilisomwa Koboko mbele ya watu.

Siraji alikuwa mtu ambaye wauza mkate wa baiskeli walimpita barabarani wakimwita Bwana Harusi, kwa sababu alikwenda kama anayesindikizwa na ngoma. Hata wao, baada ya karatasi kusomwa, walisema labda siku ile alibadilika. Yugu, mume wa Agnes Keji, aliacha kumsalimu Zulaika, mama yake Siraji. Nyumba zao zilitumia njia moja. Zamani alikuwa akimwita mama.

Zulaika alitaka mstari mmoja tu wa ripoti, ule wa kasi, uondolewe. Hakutaka kitu kingine.

Alhamisi, Amandu, afisa wa usafiri wa Shirika, alikuja kuchukua pikipiki. Alivikagua viungio vipya, akaviminya kwa kidole, akaridhika. Kisha akaona jerikeni tano zilizojaa na ya sita ikijaa.

"Ni petroli safi?" aliuliza.

"Safi kuliko ya kituo."

"Nitamtuma dereva azichukue."

"Chukua. Lakini andikeni kwamba ilivuja."

"Fundi, ripoti ilifungwa."

"Fungueni."

"Ripoti inahusu siku ile," Amandu alisema bila ukali. "Hii unayonionyesha ni ya leo."

"Na siku ile haikuvuja?"

"Siku ile hakuna aliyethibitisha."

Nasur akaokota spana yake, akaipangusa ingawa ilikuwa safi.

Jumatatu Zulaika alikuja Arua kutoka Koboko, akapita gerejini kwa Nasur. Aliutia mpira katika beseni, akajitwika beseni, akapanda Arua Hill kwa miguu hadi ofisi ya Shirika. Alipofika beseni lilikuwa limejaa hadi ukingoni na hakuwa amemwaga hata tone. Ofisini walimpa kiti na pole, wakaweka ndoo chini ya mpira ili sakafu isiharibike. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na Amandu hakuweza kuisoma ripoti gizani, maana chumba cha mafaili hakikuwa na dirisha. Akachota petroli katika beseni la Zulaika, akaitia katika jenereta. Jenereta ikaunguruma, taa ikawaka. Katika mwanga huo akasoma kwa sauti kwamba mfumo wa mafuta ulikuwa mzima.

"Mwanangu," Zulaika alisema, "hii taa inawaka na nini?"

"Na petroli, mama."

"Iko inatoka wapi?"

Amandu aliitazama ndoo. Alikuwa mtu mpole, na alimhurumia kweli.

"Mama, mimi sina ruhusa ya kubadilisha. Aliyetia sahihi alihamishwa. Lakini mpira wenyewe naweza kukupa, kwa sababu ni chakavu."

Wakaandika hati. Zulaika akapiga dole gumba chini ya maneno *mpira mmoja chakavu*, akarudi nao Koboko.

Aliutundika kwenye nguzo ya jiko la nje lisilotumika tena. Wiki ya pili petroli iliadimika Koboko, na vijana wa boda wakaanza kuja. Zulaika hakumkataza mtu wala hakupokea kitu. Walitega jerikeni zao, wakamshukuru, wakataniana wakisubiri. Mmoja alisema hata petroli ya Bwana Harusi haina haraka. Zulaika alicheka, na wengine wakaona ni ruhusa ya kucheka.

Yugu alikuja Ijumaa, wengine walipokwisha kuondoka. Naye aliendesha boda, na boda yake ilikuwa imelala siku tatu. Alitega jerikeni, akakaa juu ya jiwe, akaupa mlango mgongo. Hakusalimu. Jerikeni ilipofika nusu akasimama, akakishika kiungio, akapitisha kidole juu ya ufa. Kidole kikalowa.

"Hii ndiyo ilikuwa kwa pikipiki?"

"Ndiyo hii," Zulaika alisema.

"Na karatasi inasema kasi."

"Karatasi inasema kasi."

Yugu akakipangusa kidole kwenye suruali.

"Mama Siraji, mimi niko na mtoto anauliza mama yake iliuawa na nini. Siwezi kumwambia plastiki. Nilitaka mutu. Karatasi ilinipa mutu."

"Ilikupa mtoto yangu."

"Ndiyo," Yugu alisema.

Jerikeni ilijaa wakati wa adhana ya magharibi. Aliifunga kifuniko, akaenda nayo kwa njia ile wanayoitumia wote wawili.

Ijumaa iliyofuata alirudi, akakaa juu ya jiwe, hakusalimu. Zulaika alimwekea kikombe cha chai karibu na mguu wake, akaingia ndani. Alipotoka, Yugu alikuwa ameondoka na jerikeni yake, na chai ilikuwa imepoa, imejaa vilevile. Akaimwaga. Kisha akasogeza jerikeni yake mwenyewe chini ya mpira, kwa sababu si vizuri petroli imwagike mahali watu wanapolala.