Kadha ya Vikombe Arobaini

Nchi ya Maridhia ilijaaliwa samli, asali na nyama za kunona, na kwa hiyo ilijaaliwa pia matumbo mabovu. Raia wake walivimbiwa asubuhi na kushikwa na kiungulia adhuhuri, wala hawakuitafuta sababu, kwani kutafuta sababu kulikuwa amana ya Tabibu Hakosei. Huyo aliwafyonza damu kwa ruba na kuwanywesha shubiri na sanamaki hadi wakaharisha. Mgonjwa akidhoofu, ilinenwa kwamba maradhi yanafungasha virago. Tena kikombe cha dawa cha kila siku kilikuwa faradhi mfano wa saumu, na aliyekiacha alipaswa kukilipa kadha baadaye. Upumbavu huo waliuita elimu.

Stahamili, mfinyanzi, aliugua tumbo miaka saba akabaki ngozi na mifupa. Mkewe, Bi Shufaa, alipoona kwamba anamzika mume angali hai, alianza kuzimwaga dawa kisirisiri, akampikia uji mwepesi wa mtama. Siku arobaini hazikuisha ila Stahamili alikula, akalala, akarudi kwenye udongo wake. Kwa furaha alimsimulia jirani. Na ulimi huponza kichwa, kwani jirani alikwenda moja kwa moja kwa tabibu.

Mume na mke wakafikishwa mbele ya Kadhi Taratibu.

"Nani aliyekuponya?" aliuliza kadhi.

"Mwenyezi Mungu, Sheikh, kisha uji wa mke wangu."

"Uji haumo kitabuni," alisema Hakosei. "Huyu hajapona. Amekatiza tiba."

Bi Shufaa alipiga magoti. "Sheikh, mtazame. Anakula, anacheka, anafanya kazi. Mnataka nini zaidi? Kama kuna adhabu, niadhibuni mimi niliyemwaga."

"Hatumwadhibu, mama," alijibu kadhi kwa upole wa kweli, na upole huo ndio unaonitia uchungu hadi leo. "Tunamtibu. Atalipa vikombe vyote arobaini leo hii, tiba yake isije ikabatilika."

Stahamili, aliyelelewa kutii, alivinywa. Kufikia cha kumi na tisa hakuweza tena kusimama. Vilivyosalia alinyweshwa kwa kijiko, mkewe ameshikwa mikono. Alasiri Hakosei aliweka sikio juu ya tumbo lile, akasikiliza kwa makini, akatangaza kwamba limetulia. Umati uliokuja kushuhudia ukamhimidi Mungu.

Kadhi akamtaka mjane amshukuru tabibu, kama ilivyo desturi. Bi Shufaa alikuwa na binti nyumbani aliyeshikwa na kiungulia tangu juzi. Akashukuru, tena kwa sauti, ili mtu asije akamuuliza habari za nyumbani.